Safari ya Vipimo: Jinsi Meno ya Kinywa Kizima Yanavyojengwa juu ya Vipandikizi

Watu wengi wakisikia kwamba mtu amepandikizwa meno ya kinywa kizima, hudhani kwamba kila jino limechomekwa peke yake kwenye mfupa, kama pingili ya muhogo inavyochomekwa tutani, na kwamba kazi huwa imekwisha pale mgonjwa anapoinuka kwenye kiti cha daktari. Yote mawili si kweli. Taya moja kwa kawaida hubebwa na vipandikizi 4 hadi 6 tu, na juu yake hufungwa daraja moja refu lenye meno 12 au karibu na hapo. Tena sehemu kubwa ya kazi hufanywa mgonjwa akiwa nyumbani kwake, na fundi ambaye huenda hajawahi kumwona. Fundi huyo wa maabara ya meno hana kinywa mbele yake. Ana mfano wa plasta, picha, mafaili ya kompyuta na maelezo ya daktari, na meno yatakayotoka mkononi mwake hayawezi kuwa sahihi kuliko vipimo alivyoletewa. Anayetaka kuielewa kazi hii, basi, na avifuate vipimo: vinachukuliwaje, vinapotea wapi njiani, na vinahakikiwaje kabla ya jambo kuharibika.

Tumchukue mgonjwa wa kufikirika, maalimu wa madrasa wa Wete, kisiwani Pemba, mwenye miaka 64, ambaye kwa miaka 10 amekuwa akivaa meno ya bandia ya kuvua. Ya juu yanamtosha kiasi, kwa sababu kibao chake kinafunika kaakaa na kushikwa na mnyonyo wa mate. Ya chini yanamtaabisha. Huko hakuna kaakaa, ulimi hausimami, na ukingo wa mfupa unaobeba meno hayo umekwisha kuliwa. Mfupa wa taya huishi kwa kazi. Jino likishang'oka, ukingo uliokuwa umelishika huanza kusinyaa, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, na hauachi kusinyaa maisha yote. Utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 1972, uliowafuata watu wasio na meno kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba taya la chini hupungua takriban mara nne zaidi ya la juu. Ndiyo maana meno yaliyomkaa maalimu vizuri alipotengenezewa sasa yanaruka akicheka, ingawa yenyewe hayakubadilika hata kidogo.

Kipandikizi kinaingia hapo. Ni skurubu ndogo ya titani inayozikwa ndani ya mfupa, na sifa yake ya ajabu iligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umevishika kiasi kwamba havitoki. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, vipandikizi 4 katika taya la chini, na Larsson alivitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Madaktari wengi hawakusadiki kwa miaka mingi. Ni mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 uliofungua mlango kwa dunia nzima.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa nyuma ya kinywa. Katika taya la juu, juu ya magego pana uwazi mkubwa wenye hewa uliopakana na pua, na meno yakishatoka, mfupa unaobaki chini ya uwazi huo huweza kuwa mwembamba kama ganda. Katika taya la chini mna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa na kutokeza karibu na magego madogo. Ukijeruhiwa, mdomo na kidevu hufa ganzi, pengine kwa kudumu. Zamani jawabu lilikuwa kuongeza mfupa, upasuaji mrefu wenye kungoja kwingi. Katika miaka ya 1990 Paulo Maló wa Lisbon alikuja na mpango ulio mwepesi zaidi: vipandikizi viwili vya mbele vilisimamishwa wima, na viwili vya nyuma vililazwa kwa mshazari, hata hadi nyuzi 45, ili vikwepe uwazi wa juu au mshipa wa chini na bado vichwa vyake vitokeze mbali nyuma. Kadiri vichwa hivyo vinavyotapanyika, ndivyo daraja linavyokaa imara. Meno yanayopita nyuma ya kipandikizi cha mwisho ni kama roshani isiyo na nguzo: fupi hustahimili, ndefu huvunja kinachoishikilia.

Mpango wenyewe huanzia mahali ambapo mtu wa nje hangetarajia. Daktari haanzi na mfupa, huanza na meno. Daktari na fundi huamua kwanza ncha za meno ya mbele zitaonekana wapi maalimu akitabasamu, mdomo utabebwa kiasi gani, na mataya yatakutana kwa kimo gani. Kisha hurudi nyuma kuuliza kama mfupa uliopo unaweza kuyabeba meno hayo. Picha ya eksirei ya pande tatu, inayopigwa na mashine inayozunguka kichwa, huunganishwa kwenye kompyuta na umbo la meno yaliyopangwa, na mara nyingi maabara huchapa kiolezo cha plastiki kinachoongoza keekee ya daktari siku ya upasuaji. Hapo pia huonekana jambo linalowashangaza wagonjwa, kwamba wakati mwingine mfupa hupunguzwa badala ya kuongezwa. Daraja lenye fremu, ufizi wa bandia na meno linahitaji nafasi ya milimita 12 hadi 15 hivi kati ya ukingo wa mfupa na ncha ya jino. Pasipo nafasi hiyo fundi atalazimika kutengeneza kitu chembamba, na kitu chembamba kitavunjika, hata kikifanywa na fundi stadi namna gani. Aidha, mstari wa ufizi wa bandia unapokutana na ufizi wa kweli ni lazima ufichike chini ya mdomo, ama sivyo kila tabasamu litautangaza.

Siku ya upasuaji vipandikizi hukazwa kwa spana inayopima nguvu. Vikishika kwa nguvu ya nyutonisentimita 35 au zaidi, daktari anaweza kuvifungia meno ya muda siku ile ile au ndani ya siku chache. Juu ya kila kipandikizi hufungwa kiunganishi, kipande kidogo cha chuma ambacho kwa vile vilivyolazwa hupinda ili kurudisha mwelekeo, hata skurubu zote za daraja ziingie kwa njia moja. Hiki ndicho kinachotangazwa kuwa ni «meno kwa siku moja», na tangazo hilo si uongo, ila halisemi yote. Yale ni meno ya kuvukia ya akriliki, yaani plastiki ngumu, na kazi yake ya kwanza ni kuvifunga vipandikizi pamoja visitikisike. Kipandikizi kinachochezacheza zaidi ya takriban milimita 0.15 wakati mfupa unajijenga huzungukwa na tishu laini mahali pa mfupa, na kikishazungukwa hivyo kimepotea. Kwa hiyo meno ya muda hufanywa mafupi kwa nyuma, na mgonjwa hupewa masharti ya chakula: uji, ndizi zilizopikwa zikalainika, wali bokoboko, samaki aliyechambuliwa. Pweza, muwa na kashata vitangoja. Ningemshauri maalimu pia asipange upasuaji wiki moja kabla ya Ramadhani. Dawa za saa maalumu na milo midogo ya mara kwa mara havipatani na saumu, na ni rahisi kusogeza tarehe kuliko kulipia siku.

Mfupa huhitaji miezi 3 hadi 6 kushika, taya la chini likitangulia na la juu likichelewa kwa kuwa mfupa wake ni laini. Muda huo haupotei bure. Meno ya muda ni mtihani unaovaliwa mchana na usiku: yakikatika upande mmoja, mtafuno haukukaa sawa, yakimfanya maalimu aonekane amefura mdomo, yametoka mbele mno. Kila kasoro iliyogunduliwa hapa hurekebishwa kwa saa moja na kwa gharama ndogo. Kasoro hiyo hiyo ikigunduliwa katika meno ya kudumu hudai kazi nzima irudiwe.

Baada ya hapo ndipo huchukuliwa vipimo vya mwisho, na sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Jino la asili limening'inizwa ndani ya mfupa kwa nyuzinyuzi laini, hivyo linasogea kidogo na kusamehe daraja ambalo halikukaa sawasawa. Kipandikizi kimegandana na mfupa na hakisamehe. Wajenzi wa majahazi wanajua kwamba mbao mbili zisipokutana kamili, pamba na mafuta ya kalafati vitaziba mwanya, na maji yenyewe yatausaidia mti kuvimba. Kinywani hakuna kalafati. Fremu ya chuma ikipungua au kuzidi kwa sehemu ya kumi ya milimita, skurubu bado zitaikaza, na mgonjwa hatasikia kitu siku hiyo, lakini fremu itabaki imekunjwa kwa nguvu juu ya vipandikizi, na mkazo huo utajidhihirisha baadaye kwa skurubu zinazolegea, akriliki inayopasuka, au chuma kinachokatika.

Njia ya zamani ya kuikwepa hatari hiyo bado inaheshimika. Daktari hufunga juu ya kila kiunganishi kijiti cha chuma cha kuchukulia umbo, kisha huviunganisha vijiti vyote kwa resini ngumu. Resini husinyaa inapokauka, kwa hiyo fundi mwangalifu huitengeneza mapema, huikata vipande kati ya kijiti na kijiti, na daktari huviunga upya kinywani kwa tone dogo tu, ili kusinyaa kuwe kwa tone hilo badala ya kuwa kwa mshipi mzima. Hapo ndipo dawa ya silikoni hujazwa katika trei iliyotengenezwa kwa kinywa hicho peke yake. Maabara hufunga nakala za vichwa vya vipandikizi kwenye vijiti, humimina plasta ngumu, na kupata mfano wa taya. Mfano huo bado hauaminiki. Fundi hutengeneza juu yake kiunzi cha kuhakikia, daktari hukijaribu kinywani, na kikikataa kukaa, wa kulaumiwa ni mfano, kwani kinywa hakikosei. Plasta hukatwa mahali pale na kumiminwa upya.

Njia mpya hutumia skana. Kamera ndogo hupitishwa kinywani na kushona picha moja baada ya nyingine, na kwa jino moja au mawili hufanya kazi nzuri sana. Lakini taya lisilo na meno ni ufizi mtupu unaofanana kila mahali, kama mchanga wa pwani ambao haumwonyeshi nahodha alama yoyote, na kila mshono huongeza kosa dogo juu ya kosa dogo, hata mwisho wa upinde kosa likawa kubwa. Kwa sababu hiyo imebuniwa kamera nyingine inayosoma alama maalumu zilizofungwa juu ya vipandikizi, ikaziona zote kwa pamoja kutoka nje ya kinywa na kukokotoa umbali wake. Kamera hiyo haijui ufizi ulivyo, kwa hiyo faili lake huunganishwa na la skana ya kawaida. Faili hutumwa kutoka Pemba hadi maabara yoyote duniani kwa dakika chache, hali mfano wa plasta hupanda boti na kubebwa kama yai. Pamoja na hayo yote, hata anayetumia kamera hizo bado anahitaji kiunzi cha kuhakikia. Nisingemwamini anayesema kwamba mashine imemwondolea haja hiyo.

Kujua vipandikizi viko wapi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kujua mataya yanakutanaje. Daktari hutia alama puani na kidevuni, hupima umbali mgonjwa akiwa amepumzisha taya, na hupanga meno yakutane milimita 2 hadi 4 chini ya kimo hicho. Akikosa nafasi hiyo, meno yatagongana kila neno. Mkao wa taya la juu kwa kulinganisha na kiungo cha taya huhamishwa kwa upinde wa kupimia hadi kwenye artikuleta, chombo cha chuma kinachoiga mwendo wa mataya juu ya meza ya fundi. Meno hupangwa kwanza katika nta, au huchapwa kwa plastiki, na kurudishwa kinywani kujaribiwa.

Jaribio hilo ni la matamshi, na katika nchi yetu lina mzani ambao vitabu vya madaktari havikuuandika. Daktari hutaka kusikia f na v, kwa kuwa ncha za meno ya mbele ya juu zinatakiwa ziguse mdomo wa chini pale ukavu unapokutana na unyevu. Hutaka kusikia s, kwa kuwa hapo meno ya juu na ya chini hukaribiana kuliko wakati wowote bila kugusana. Kwa Kiswahili kuhesabu sitini na sita, sitini na saba, kunatosha, na vuguvugu ni neno zuri la kupimia v. Lakini mgonjwa wetu ni maalimu.

«Maalim, nihesabie kuanzia sitini mpaka sabini,» daktari atamwambia.

«Si afadhali nikusomee, mwanangu?»

Na ni afadhali kweli. Elimu ya tajwidi, yaani ya kuisoma Qur'ani kwa matamshi sahihi, imeeleza mahali pa kutokea herufi kwa usahihi ambao fundi wa meno angeutamani. Faa hutoka ndani ya mdomo wa chini unapokutana na ncha za meno mawili ya mbele ya juu, na hicho ndicho kipimo kile kile cha daktari, kimeandikwa karne nyingi kabla ya akriliki. Thaa, dhali na dhaa hutoka kwa ncha ya ulimi kwenye ncha za meno hayo hayo. Meno yakiwa marefu mno au yameegemea ndani, herufi hizo huzama. Dhadi hutoka kwa ubavu wa ulimi ukigusa magego ya juu, na daraja nene kwa ndani huubana ulimi usifike. Mwenye kusoma sura moja ya kati atakuwa amemfanyia fundi uchunguzi kamili, ilmradi daktari anasikiliza na kuandika ni herufi gani iliyokwama. Hii pia ni faida ya meno ya vipandikizi kwa taya la juu: hayafuniki kaakaa, na sauti hupata nyumba yake ya zamani.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Huchaguliwa kwa mwanga wa mchana, dirishani, na mzee wa miaka 64 anayedai meno meupe kama chokaa huyapata, kisha wajukuu humcheka.

Meno ya kudumu hutengenezwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni fremu ya titani iliyochongwa na mashine kutoka bonge moja, kisha ikavishwa meno na ufizi wa akriliki. Ya pili ni zirkonia, aina ya kauri. Bamba la zirkonia huchongwa likiwa bado laini kama chaki, na kompyuta hulichonga kwa makusudi kuwa kubwa zaidi, kwani likiingia tanuri la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi husinyaa kwa asilimia 20 hadi 25 katika kila upande. Baada ya hapo fundi hupaka rangi kwa brashi na kubandika pete za titani mahali pa skurubu. Zirkonia hung'aa, haishiki madoa ya chai, na haichakai upesi. Lakini ikipasuka hairekebishiki, ni kufanya upya. Akriliki huchakaa na jino hubanduka, ila jino lililobanduka hurudishwa na fundi yeyote mwenye uzoefu. Wauzaji husifu zirkonia zaidi. Kwa mtu anayeishi safari ya bahari mbali na maabara, mimi ningechagua fremu ya titani yenye akriliki bila kusita sana.

Daraja likifika, daktari halikazi mara moja. Hutia skurubu moja tu ya mwisho wa upande mmoja, kisha hutazama upande wa pili: likinyanyuka hata kidogo, halijakaa, na eksirei itathibitisha. Likitulia, skurubu zote hukazwa kwa nguvu iliyopimwa, mara nyingi nyutonisentimita 15, na matundu huzibwa kwa utepe mweupe wa tefloni, jamaa wa ule wanaotumia mafundi bomba, kabla ya kufunikwa kwa resini yenye rangi ya jino. Utepe huo umewekwa kwa sababu daraja hili ni la kufunguliwa tena, na tepe hutoka kirahisi bila kuharibu kichwa cha skurubu.

Upande wa chini wa daraja, usioonekana na mtu, ndio unaoamua maisha yake. Fundi anatakiwa auache umebinuka na umesuguliwa laini kama kauri, ili uzi na brashi nyembamba vipite. Ukiwa na shimo, chakula kitalala humo. Vipandikizi havitoboki kama meno, lakini mfupa unaovishika huliwa na uchafu, na huliwa upesi zaidi kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji wa sigara, na mtafunaji wa tambuu yenye tumbaku. Anayesaga meno usiku hutengenezewa kinga ya kulalia.

Mwisho, maalimu anaporudi Wete anapaswa kubeba karatasi yenye jina la kampuni ya vipandikizi vyake, kipenyo na urefu wa kila kimoja, aina ya kila kiunganishi, na nakala ya faili la meno yake. Kampuni za vipandikizi ni nyingi, na bisibisi ya moja mara nyingi haiingii kwenye skurubu ya nyingine. Skurubu ikilegea miaka sita baadaye, daktari wa Chake Chake aliyesoma karatasi hiyo ataagiza bisibisi inayofaa kwa boti ya kesho yake. Asiyekuwa nayo atalazimika kubahatisha, na kichwa cha skurubu kikishachunika, hakuna tena pa kushikia.